Mwanangu, nani ataibeba?

Mwanangu,

Shikamoo yako marahaba. Huku Mvumi tu wazima, goti langu limetulia tangu baridi ilipopungua.

Ujumbe wako wa juzi niliusoma mara mbili. Unasema tenda ya kutunza viunga vya ofisi tatu pale Mtumba umeipata, hela ya mashine ya kupuliza majani, ile ya kubeba mgongoni, ipo, ila inatosha moja tu. Ukauliza: mama, nichukue STIHL BR 600 au Husqvarna 580BTS? Kwa tenda nimefurahi mno, nimepiga magoti na jirani akasikia. Kuhusu mashine, kabla sijakujibu na mimi nakuuliza: nani ataibeba?

Hilo hukuliandika. Umeniandikia cc, umeniandikia bei, umeniandikia mpaka rangi. Mimi siku zote nimewaambia, wewe na dada yako, mgongo ndio unaonunua mashine, mfuko kazi yake ni kulipa tu. Sasa tazama. BR 600 ikiwa tupu ni kama kilo 9.8, na tangi lake linachukua lita 1.4, sawa na kilo moja nyingine. Ile Husqvarna tupu ni kama kilo 11.8, tangi lita 2.6, weka karibu kilo mbili. Zikijazwa zote mbili, tofauti yake inakaribia kilo tatu. Dukani kilo tatu si kitu, utazinyanyua muuzaji akikuangalia na utacheka. Lakini saa tano asubuhi mwezi wa kumi, jua la Dodoma limekukalia utosini, mkanda umeloa jasho na injini inatetema kwenye uti wa mgongo, kilo tatu ni mtoto anayekataa kushuka. Umesema mtakuwa vijana wawili na yule binti mwembamba wa Chamwino. Yeye ataivaa saa ngapi? Au umemwajiri ashike reki tu mwaka mzima?

Najua utakachojibu. Kubwa ina cc 75.6, ndogo 64.8, na eneo lenyewe ni pevingi tupu toka geti mpaka geti. Ni kweli. Tena nikuongezee la kwako: Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu nyepesi, na injini za namna hii hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa mwinuko huo. Kwa hiyo nguvu unazosoma kwenye karatasi hutazipata zote. Haya, hapo nimekutetea wewe na nimejipinga mwenyewe. Lakini mgongo bado ni uleule.

Na hizo namba za hewa uzisome vizuri. Kuna ujazo na kuna kasi. Kasi ndiyo inayong'oa kitu kilichoganda chini, kama maganda ya mjohoro yaliyonyeshewa yakashikana na tofali. Ujazo ndio unaosukuma lundo likatembea. Majani ya mwarobaini mepesi yale hayahitaji kasi, yanahitaji ujazo. Halafu watengenezaji wengine hukuandikia hewa iliyopimwa kwenye feni kabla bomba halijafungwa, wengine hupima mdomoni mwa bomba. Ya kabla ya bomba siku zote ni kubwa zaidi. Linganisha mdomo kwa mdomo, usilinganishe feni ya huyu na mdomo wa yule.

Sasa kuna jambo la hiyo BR 600 ambalo ndilo limenitoa usingizi jana. Injini yake ni ya stroki nne, ina valvu, lakini haina sehemu yake ya oili chini. Inalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli, vilevile kama ya stroki mbili, mililita 20 kwa lita moja. Kijana akisikia stroki nne atafikiri ni kama bodaboda, atakwenda shelli, atajaza petroli tupu. Na akijaza petroli tupu, mwanangu, umeshazika.

Unaikumbuka mashine yetu ya 2011. Ulikuwa darasa la tano. Ile iliyokuja imetumika toka Dar, ya chungwa, niliyoinunua kwa mkopo wa vikoba, mama wenzangu wakaniwekea dhamana kwa majina yao. Nilikuwa nimepewa usafi wa viwanja vya chuo kimoja na mahafali yalikuwa Jumamosi. Ile ilikuwa ya kuchanganya mililita 40 kwa lita, mashine za zamani zinakunywa oili. Nilikuwa na madumu mawili ya njano, yaleyale ya mafuta ya kula ya lita tano. Moja la mchanganyiko, lilikaa mlangoni. Moja la petroli ya pikipiki ya baba yako, lilikaa chini ya ngazi.

Ijumaa asubuhi yule kijana wa Hombolo, unamjua, aliyekuwa anakubeba mabegani, alichukua dumu la mlangoni, akajaza, akavuta kamba. Mashine ikawaka vizuri. Ilifanya kazi labda nusu saa. Halafu nikasikia sauti yake imekuwa kavu, ikapanda, ikalegea, ikazima. Nilikuwa nimesimama chini ya mkrismasi kwenye maegesho, mpaka leo naona mahali penyewe. Akavuta kamba na kamba haikuja. Akavuta kwa mikono miwili. Fundi alipofungua silinda alinionyesha pistoni kwa kidole, ina mistari kama bati lililokwaruzwa na msumari. Akanusa tangi, akasema, mama, hapa hakuna oili hata tone.

Nilimgombeza yule mtoto mbele ya vibarua wote. Nilimwambia maneno. Nilimkata malipo ya wiki mbili. Alikuwa na miaka kumi na minane, alisimama ameshika bomba mkononi, bomba limetoka kwenye mashine hana pa kulirudisha. Alisema mara moja tu: "Mama, nimechukua la mlangoni." Nikamwambia anyamaze.

Usiku ule tulifagia kwa mkono. Hilo unalikumbuka, na najua unalikumbuka kwa furaha, maana ulilala juu ya magunia ya majani na baba yako alileta ugali wa uwele na mlenda kwenye hotipoti, tukala saa sita usiku chini ya taa ya geti. Mafagio kumi na mawili, watu tisa. Yule kijana naye alifagia mpaka mwisho, ingawa nilikuwa nimeshamkata hela. Saa nane usiku pevingi ilikuwa safi, mkuu wa chuo alipita asubuhi akasema hajaona viwanja kama hivyo. Mimi mwenyewe ningependa habari iishie hapo.

Jumapili baba yako alinipakia kwenda kanisani. Toka Nkuhungu mpaka Makole pikipiki ilikuwa inatoa moshi wa bluu nyuma yetu, watu wanatugeukia, na harufu ilikuwa ile ya oili ya kuchanganya. Baba yako aliegesha, akafungua tangi, akanusa, akaniangalia. Hakusema kitu. Ndipo nikakumbuka: Alhamisi usiku mawingu yalitanda, nikaogopa mvua, nikayaingiza madumu yote mawili ndani. Alfajiri niliyatoa kwenye giza, nikayaweka kinyume. Ni mikono yangu.

Sikumwambia. Hela ya wiki mbili nilimrudishia nikasema nimemsamehe. Nimemsamehe! Mwezi uliofuata akaaga, akaenda Morogoro kujifunza ufundi.

Kwa hiyo ninapokuuliza nani ataibeba, nakuuliza pia nani atachanganya. Awe mmoja, ajulikane. Dumu la mchanganyiko liwe jekundu, lenye maandishi makubwa, na lisifanane na chombo kingine chochote mlicho nacho. Changanya cha kutumia ndani ya mwezi, kikizidi hapo petroli inachakaa. Na yeyote atakayejaza, hata kama ni wewe mwenye kampuni, anuse kwanza na aangalie rangi. Oili ya siku hizi ina rangi ya bluu au nyekundu kwa sababu hiyohiyo.

Mengine kwa haraka. Vumbi letu wewe unalijua, chujio la hewa lifunguliwe kila jioni, bila kungoja injini ianze kukohoa. Kwenye udongo mtupu usipulize kabisa, hapo ni fagio, la sivyo utahamishia ofisi nzima vumbi kwenye madirisha na tenda itakwisha kabla ya mwezi. Kwenye pevingi nusu ya nguvu inatosha mara nyingi, na upepo wa Agosti uwe mgongoni mwenu. Masikioni wavae vikinga, wote, hilo sitaki mjadala. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanasema desibeli 85, hicho ndicho kipimo cha kelele, mtu anazivumilia kwa muda wa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu. Piga hesabu mpaka 100, utaona zimebaki dakika 15. Sikio langu la kushoto linapiga mluzi mpaka leo usiku nikilala.

Umeniuliza pia kama betri si bora. Kwa kelele ni bora, karibu na madirisha ya watu wa mikutano ungependwa. Lakini ukiifungulia mpaka mwisho, betri moja huwa haimalizi hata saa, na betri ya pili si ya bei rahisi. Hiyo iache mwakani.

Sasa unataka nikuambie chukua ipi. Sitaki kukuambia. Kampuni ni yako, na nilipokuchagulia shule ya ufundi kulitokea yaliyotokea. Ila kama hiyo ndogo ingekuwa mezani hapa na yule binti amesimama pembeni... Hapana, nanyamaza. Wavae wote watatu, mashine zote mbili, zikiwa zimejaa mafuta, mkanda wa kiunoni umefungwa, watembee nusu saa. Duka likikataa kujaza mafuta, jaza vidumu vya maji uwape wabebe uzito huohuo. Mgongo ndio unaonunua mashine.

Na lipo jambo moja kubwa kuliko cc. Spea. Mashine nzuri isiyo na plagi wala kabureta mjini ni chuma cha kuuza kwa kilo. Nimeulizia kwa watu watatu ni fundi gani Dodoma anazijua injini hizi za mgongoni, na wote watatu wamenitajia mtu mmoja, ana kibanda chake karibu na soko la Majengo. Wamemsifia, wanasema hamdanganyi mtu, na anachora mstari mwekundu kwenye kila dumu la mteja kabla hajamkabidhi mashine. Nilipouliza ni mtu wa wapi wakasema Hombolo.

Usilipe popote kabla hujamuuliza ana spea za ipi. Kama za Husqvarna ndizo alizonazo, basi hata mimi sina la kusema. Ukifika usimwambie wewe ni mwanangu. Au mwambie, atakutambua tu, umefanana na baba yako. Hapana, ngoja. Usiende peke yako. Jumamosi nashuka mjini na basi la kwanza, unipokee pale stendi, twende wote. Habari za spea uongee wewe, halafu ukimaliza nenda kanunue soda mahali, unipishe kidogo.

Mama yako.