Programu ya duka ya Windows ndani ya Linux Mint: mimi ilinifunguka vizuri tu, tarehe ndo zilinitoa jasho

Mkuu umeuliza kama ukihama Windows 10, maana masasisho yalishakatwa Oktoba 2025, ukaenda Linux Mint (mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows), ile programu yako ya duka itafunguka au la. Kufunguka inaweza ikafunguka, kazi iko kwa yanayofuata, ngoja nikupe yaliyonikuta.

Bro wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Programu yake ya stoo na madeni aliandikiwa na jamaa mmoja kwa Visual Basic 6 (VB6, lugha ya zamani ya Microsoft ya kuandikia programu), data zote ziko kwenye faili moja la Access, programu ya Microsoft ya kutunzia data, na jamaa mwenyewe alishahama mji, simu hapokei. Mashine RAM 4GB. Nikapiga Mint, juu yake nikaweka Wine. Kwa asiyeijua, Wine siyo Windows iliyofichwa ndani ya Linux, ni kama mkalimani tu, programu ikiomba kitu ikidhani inaongea na Windows basi Wine inalidaka lile ombi na kulitimiza kwa njia za Linux. Wameanza kuitengeneza 1993, toleo la 1.0 likaja kutoka 2008, miaka 15! Na kuna programu za kale za biti 16 ambazo Windows 11 inazikataa kabisa ila Wine inazifungua.

Siku ya kwanza ikagoma, inalalamika kuna mafaili haioni. Kilichosaidia ni kuitengea folda yake peke yake ya biti 32 na kumwaga humo vitu vya VB6 na Access, kwa amri hii ya kuandika kwenye terminal (winetricks ni kisaidizi cha kuweka vitu ndani ya Wine):

WINEARCH=win32 WINEPREFIX=~/.duka winetricks vb6run jet40

Kila programu ipe folda yake, usirundike zote pamoja, ukiharibu unafuta hiyo moja tu, na bakapu ni kukopi folda basi.

Ikafunguka, bro akafurahi, wiki ya pili ananipigia anafoka, mafundi wanadaiwa tarehe ambazo hata hawakufika dukani. Kumbe Linux niliiweka Kiingereza cha Marekani na Wine inafuata lugha ya mfumo, kwa hiyo mwezi unatangulia siku. Deni la 4/3 likasomwa Aprili 3. Kibaya zaidi la 25/3 linakaa sawa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, VB inajigeuzia yenyewe kimya kimya, ndo maana hatukushtuka mapema. Yaani ni siku ya 1 mpaka ya 12 tu ndo zilivurugika. Nikaweka LC_ALL=en_GB.UTF-8 kwenye ikoni ya kuifungulia, yaani itumie Kiingereza cha Uingereza ambacho siku inatangulia mwezi, ikatulia, ila yale madeni ya wiki mbili tulikaa usiku tunayarekebisha kwa daftari.

Printa ya risiti haikusumbua sana, Wine inaziona printa zote ulizoweka kwenye Linux, sema mwanzo ilikuwa inatoa risiti ndefu kama A4, ukichagua karatasi ya milimita 80 imeisha.

Sasa shemeji yeye ana programu ya kudarizi, inatumia kale kaflashi ka leseni, usipokachomeka haifunguki. Hapo Wine nilishindwa kabisa, kale kanataka draiva inayokaa ndani kabisa ya Windows yenyewe na Wine haina huko ndani. Nikaishia VirtualBox, programu inayokuwezesha kuendesha Windows kamili ndani ya Linux, Windows 7 nimeipa RAM giga moja na nusu, intaneti nimeikatia, nikajiongeza kwenye grupu la vboxusers (watumiaji ambao VirtualBox inawaruhusu kutumia vitu vya USB) ndo kaflashi kakaonekana. Inajikokota lakini kazi inatoka.

Halafu usidanganyike eti ukiwa na Linux virusi vya Windows havikuhusu. Ndani ya Wine vinaweza kuamka, na ile drive Z utakayoiona ndani ya Wine ni mfumo wako mzima wa Linux, so flashi za wateja usizifungulie humo.

Windows yako usiifute kwanza, weka Mint pembeni yake, piga mauzo ya majaribio ya tarehe 1 mpaka 12 uangalie ripoti inasemaje. Na utuambie, yako ina kaflashi au haina?