Jibu: Zabuni ya kuongeza bomba la maji mtaani

Ndugu yangu, umeuliza kama kampuni yenu ya vijana kule Kayole, Nairobi, inaweza kuomba zabuni ya kuvuta bomba la maji mita 600. Inaweza. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, ila lazima muwe na cheti cha AGPO, yaani mpango wa serikali unaosajili makundi hayo kwa zabuni hizo. Cheti cha NCA (mamlaka ya ujenzi) na cha kodi kutoka KRA (mamlaka ya mapato) ni kati ya vitu vya kwanza kuangaliwa. Kimoja kikikosekana, mnatolewa kabla bei yenu hata haijalinganishwa na za wengine.

Mimi naona watu huumia kwenye BQ, ile orodha ya vipimo vya kazi unayojaza bei. Bomba lenyewe bei yake inajulikana. Mtaro wa kulilaza je? Upande wenu wa Eastlands udongo mweusi ukinyeshewa unabomoka usiku mmoja, na ukigonga mwamba ni habari nyingine. Tembea njia yote kwa miguu kabla ya kuandika bei. Uliza pia nani analipia kibali cha kukata barabara na kurudisha lami. (Niliwahi kusahau hilo. Faida yote ilienda na lami.)

Usitegemee nyongeza baadaye: kwa kazi za ujenzi, nyongeza ya kiasi cha kazi hairuhusiwi kuzidi asilimia 20 ya kiasi kilicho kwenye mkataba wa awali. Na usifukie mtaro kabla bomba halijapimwa presha mhandisi wa waliowapa kazi akiwepo na kutia sahihi, maana utaufukua tena kwa pesa zako.