Magharibi hakulali mtu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Katika ramani ya nyumba yako mpya, umehamisha chumba gani, na kwa nini?" Mimi nimevihamisha karibu vyote, na nyumba yenyewe hata msingi haujachimbwa.

Kiwanja chetu kiko Utange, Mombasa, futi 50 kwa 100, barabara iko kusini. Ramani alituletea shemeji yangu kutoka Nairobi, bure: vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, na korido refu kama la hospitali. Aliyeichora hakukosea. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mtu wa kule hulishukuru jua la alasiri likimpashia chumba kabla hajalala. Ndiyo maana vyumba vya kulala vilikuwa magharibi vyote. Huku kwetu ukuta wa bloki hulinywa jua tangu saa nane mchana, na saa nne za usiku ndiyo kwanza unalitapika. Nayajua haya kwa mgongo wangu. Nyumba tunayopanga Kisauni iko hivyo hivyo, na kila Februari twaburura magodoro hadi sebuleni.

Jiko nalo liliwekwa pembe ya kusini mashariki. Kusi hutokea huko huko, Aprili hadi Septemba hivi, kwa hiyo samaki akikaangwa harufu ingepita sebuleni ikaishie kwenye nguo za kabatini. Kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka, hutoka kaskazini mashariki. Pepo zote mbili zaingilia upande wa bahari na kutokea magharibi. Basi nikashika penseli na kifutio. Jiko, stoo na vyoo nikavisukuma magharibi, vikae mgongo kwa mgongo mabomba yawe mafupi. Vyumba vya kulala na sebule nikavivuta mashariki. Jua la saa kumi na lichome masufuria.

Bwana wangu alikubali, ila alitaka jiko lisiwe na ukuta, lishikane na sebule, kwa kuwa ndivyo nyumba za siku hizi zilivyo. Nikamuuliza: akija na wageni wake bila taarifa, nami niko kwenye mbuzi nakuna nazi, kanga moja kifuani, nikimbilie wapi? Ukuta ukarudi.

Sasa, karatasi hudanganya. Ijumaa moja baada ya swala tulikwenda kiwanjani na fundi, vigingi, kamba na mfuko wa chokaa, tukaichora nyumba nzima chini kwa vipimo vyake. Mavyaa, mama wa bwana wangu, tulimchukulia kiti cha plastiki. Chumba cha watoto, futi 10 kwa 9, kilionekana kikubwa kwenye ramani. Tulipotandika mikeka miwili mahali pa vitanda, fundi akajifanya anafungua mlango, mlango ukagota mkekani. Tukauhamishia pembeni palepale, kwa mguu, kwa kufuta chokaa. Kufuta bloki kungetugharimu zaidi.

Mavyaa akaiomba ramani. Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akaweka kidole chooni. "Mwanangu, anayeketi hapa anaelekea wapi?"

Fundi akatazama jua, akakohoa. Kutoka Mombasa kibla, tunakoelekea tukiswali, ni kaskazini, karibu sawasawa, na choo kilichorwa kikitazama huko huko. Kikageuzwa kitazame mashariki. Sisi wengine tulikuwa tumeitazama ramani ile miezi mitatu.

Kisha akauliza chumba chake. Nilikuwa nimemwekea kizuri kuliko vyote, nyuma kabisa, mashariki, upepo mtupu, mbali na kelele. Akanitazama. "Huko nyuma ndiko mwanitupa? Nitamjuaje anayeingia na anayetoka?" Alitaka mbele, dirisha litazame baraza. Akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka pembe ya kusini mashariki, mahali lilipokuwa jiko la shemeji. Kusi ikampiga usoni. Akaketi.

Hapo hesabu yangu ikaharibika. Sebule ilibidi ipungue, na ukuta aliouchagua bwana wangu kwa televisheni yake ukatoweka. Tena mtu wa umri ule hawezi kuvuka nyumba nzima usiku kwenda chooni magharibi, kwa hiyo anahitaji choo chake humo chumbani, na bomba la maji machafu lipite chini ya nyumba hadi shimoni, likiwa na mteremko wa kutosha. Fundi alitaja bei, nikaomba airudie. Nitalipa. Afadhali ramani hatujaipeleka kaunti kupitishwa. Baada ya muhuri, kila badiliko lina safari yake.

Televisheni bado tunazozania. Mvua ya kwanza imefuta chokaa, vigingi vimebaki, na kiti cha plastiki kiko vilevile pembeni. Jirani alipiga simu kusema tukakichukue kisije kuibwa. Mavyaa amekataa.