CRP na lehemu vimepanda, mguu unabana akitembea: je, ni mishipa imeziba?

Mkuu, umesema mama yako yuko Nachingwea, ana kisukari, na mguu wa kulia unambana akitembea ila akisimama kidogo unaachia. Maabara wametoa CRP (kipimo cha uvimbe au maambukizi mwilini) 14 na LDL (lehemu mbaya, yaani kolesteroli) 3.9, na kuna mtu kawaambia majibu hayo yanathibitisha kuwa mishipa ya damu ya mguu imeziba. Hayathibitishi. Kinachonitia wasiwasi ni huko kubana na kuachia, ambako huweza kuwa dalili ya mguu usiopata damu ya kutosha, kuliko hiyo karatasi.

Nimemuuguza mjomba wangu, mkulima wa korosho Newala, mvutaji wa sigara tangu ujana. Akitoka shambani alikuwa anasimama njiani, anashika shavu la mguu, anasubiri, halafu anaendelea. Ndugu wakasema uzee, wengine baridi yabisi. Alipopimwa damu CRP ilikuwa 22, nyumba nzima tukashtuka. Kumbe alikuwa na kidonda katikati ya vidole vya mguu, kimetunga usaha. Kidonda kilipopona CRP ilishuka hadi 4, na mguu ukaendelea kubana vilevile.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi ya aina yoyote: kidonda, jino bovu, mkojo mchafu, malaria. Kwa habari za moyo na mishipa, chini ya 1 mg/L huhesabiwa hatari ndogo, juu ya 3 hatari kubwa. Ikipita 10, tafuteni kwanza maambukizi, kisha irudiwe baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo leo hii mkagueni mama katikati ya vidole, kisigino, na meno.

Sisemi CRP haina maana. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani Paul Ridker na wenzake walichapisha uchunguzi wa madaktari wanaume karibu 15,000 wa Marekani, ambao mwanzoni walikuwa wazima. Kati ya vipimo vya damu walivyolinganisha, viwili vilitabiri vizuri zaidi nani atapata ugonjwa wa mishipa ya miguu: CRP, na uwiano wa lehemu yote kwa HDL (lehemu nzuri). Lakini kutabiri ni kitu kimoja, na kujua kama mguu huu umeziba ni kingine.

Kilichotupa jibu ni presha ya mguuni. Mjomba alilazwa chali akapumzika, daktari akampima mkononi, kisha akafunga mkanda juu kidogo ya kifundo cha mguu, akapaka jeli na kusikiliza kwa Dopla, kifaa cha kusikilizia damu ikipita. Mkononi mapigo yalisikika makali. Mguuni yalikuwa hafifu, kama yanatoka mbali. Mkono 150, mguu 96. Gawanya 96 kwa 150 unapata 0.64, na kuanzia 0.90 kushuka ni ugonjwa. Kwa mama angalieni jambo moja: kisukari hufanya mishipa iwe migumu, jibu likapanda hata juu ya 1.40 au likaonekana zuri bure. Hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu.

LDL ya 3.9 mmol/L ni kama 151 kwa mg/dL (zidisha kwa 38.67, maana maabara hazitumii kipimo kimoja). Ugonjwa ukithibitika, miongozo ya Ulaya inataka LDL ishuke chini ya 1.4, na ipungue angalau nusu. Ya mjomba ilikuwa 4.1, kwa atorvastatini (dawa ya kushusha lehemu) ikafika 1.7, na hapohapo ndugu wakataka aache dawa kwa kuwa "amepona". Nilikataa kabisa. Namba ilishuka kwa sababu anameza dawa, na daktari alisema bado haijafika panapotakiwa.

Kuna pia lipoprotini(a), chembe ya mafuta kwenye damu inayofanana na LDL, ya kurithi. Inatosha kupimwa mara moja maishani, hasa kama kwenye ukoo kuna waliopata kiharusi au shambulio la moyo mapema.

Mjomba aliacha sigara, akaanza kutembea kwa mpango: anakwenda mpaka maumivu yakolee, anapumzika, anaendelea, dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki. Mama naye anaweza, mradi hana kidonda na daktari ameridhia.

Msimkande kwa maji ya moto. Mwenye kisukari huungua bila kuhisi, na mguu usiopata damu haufungi kidonda. Na mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.