Niger: dawa ya malaria kwa mtoto asiyeumwa

Mkuu, umeuliza kwa nini kule Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara, watoto wazima wanamezeshwa dawa ya malaria, na kama inaweza kuletwa kijijini kwenu. Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi misimu miwili ya mvua vijijini mkoa wa Zinder, kusini mwa Niger, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kule malaria inajazana Julai hadi Oktoba, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ghala zimekauka na uwele mpya haujaiva. Njaa na homa vinamkuta mtoto kwa pamoja. Ndiyo maana tulipita na dawa na utepe wa kupima mkono: mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, mtoto anapelekwa kwenye lishe siku ileile.

Dawa ya kumkinga mtoto kabla hajaumwa ni SP (sulfadoksini na pirimethamini), ileile wajawazito wetu wanayopewa kliniki, pamoja na amodiakwini. WHO, Shirika la Afya Duniani, waliupitisha utaratibu huu 2012. Ni kwa watoto wa miezi 3 hadi 59, siku 3 kila mwezi wa msimu. Mwenye homa anapimwa kwanza. Akikutwa na malaria anatibiwa kwa dawa mseto.

Siku ya kwanza anameza mbele yetu, akitapika ndani ya nusu saa anarudiwa. Vidonge vya siku ya 2 na ya 3 vinabaki nyumbani, na hapo ndipo palipotuumiza. Nyumba moja tulimweleza mama vizuri kabisa. Wiki ya tatu mtoto akazidiwa na malaria, akaongezewa damu, nashukuru alipona. Vidonge tulivikuta vimefungwa kwenye pindo la nguo ya bibi. (Kihausa bibi anaitwa kaka, nilichelewa kuzoea.) Mama alikuwa shambani kutwa, mtoto anashinda na bibi, na bibi hakuna aliyemwambia kitu. Yeye aliona mtoto mzima, dawa chungu, na wajukuu wengine ambao huenda wakaumwa kesho, akavitunza. Mimi simlaumu hata kidogo. Kosa lilikuwa letu.

Tangu hapo swali la kwanza mlangoni likawa: nani anashinda na huyu mtoto? Huyo ndiye tuliyemwonyesha kuyeyusha kidonge kwenye maji yenye sukari kidogo, na kadi ya dawa ya mtoto akabaki nayo yeye.

Kwa kwetu Afrika Mashariki, vimelea vya malaria vimeizoea sana SP, haiviui vizuri, ndiyo maana utaratibu ulianzia Sahel. Lakini Uganda wamejaribu Karamoja, eneo lenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na watoto walilindwa. Kijijini kwenu malaria inakuja na mvua au ipo mwaka mzima? Nijibu hilo tuendelee.