Hasira niliyoiita tabia ilikuwa sonona

Ndugu uliyeuliza iwapo mwanamume anayefoka nyumbani kila siku ni mgonjwa au ana tabia mbaya tu, na iwapo kwenda kwa mshauri nasaha si kujidhalilisha, naomba nikujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Sikuwahi kujiona mtu mwenye huzuni. Nilidhani mwenye sonona hulia na kujifungia chumbani, ilhali mimi nilikwenda kazini kila siku na chozi halikunitoka hata mara moja. Nilichokuwa nacho ni hasira: kikombe kikianguka nilifoka, mtoto akiuliza jambo mara mbili nilimkaripia, na mke wangu alipofikia hatua ya kupima maneno kabla ya kunisemesha, nilimlaumu kwamba ananinunia. Usiku nilishtuka saa tisa na kukaa macho hadi alfajiri. Pombe niliizidisha ili nilale, nayo ilinilaza kweli, lakini iliniamsha mapema zaidi.

Siku moja niliupiga mlango ngumi. Mwanangu, ambaye alikuwa na miaka 7, hakulia wala hakukimbia. Alimvuta mdogo wake nyuma ya kochi kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulizoea jambo hilo, na utulivu ule ndio ulionikata maini. Hata hivyo, nilipofika kwa daktari nilisema naumwa kichwa na sipati usingizi, kwa kuwa hayo ndiyo maradhi ambayo mwanamume hachekwi kwa kuyataja. Kwa bahati njema daktari yule alijua kudadisi. Alipima damu na tezi ya thairoidi, ambayo ikienda kombo huweza kuvuruga hisia za mtu, kisha akanipa dodoso la maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kutopata raha katika mambo niliyoyapenda, hata mawazo ya kutamani kufa. Hakuna swali lililotaja hasira, na bado nilipata alama 17 kati ya 27, za kutosha daktari kuiita sonona. Swali la mwisho nilitaka kulidanganya, kalamu ikakataa.

Vikao viwili vya mwanzo na mshauri nilivipoteza kwa kuorodhesha makosa ya mke wangu. (Alinisikiliza kwa subira ambayo mimi nisingekuwa nayo.) Kilichonifaa ni daftari: kila nilipofoka niliandika kilichotokea, nilichowaza, na mwili ulivyokuwa dakika chache kabla. Baada ya mwezi nikaona kwamba kikombe hakikuwa na hatia, kwani karibu kila mlipuko ulitanguliwa na hofu ya kushindwa kazini, au na kumbukumbu ya baba yangu, ambaye nilimzika bila kumlilia. Nilijifunza pia kwamba taya likianza kukaza, niseme, "Nimepandwa na hasira, narudi baada ya dakika 20," kisha nirudi kweli, maana kuondoka bila kurudi ni kununa tu.

Nilipewa pia dawa. Wiki ya pili nilitaka kuziacha kwa kuwa sikuona nafuu, na baadaye nikaelewa kwamba kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kwamba kuzikatisha ghafla bila daktari huweza kuleta kizunguzungu na wahka.

Usinielewe kwamba ugonjwa ulinifutia makosa. Mke wangu hakuwa na deni la kunisamehe, na ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyonichukua mimi kupona. Ikiwa kwako mkono umeshaanza kunyanyuliwa juu ya mtu, usalama wa walio nyumbani utangulie, hata kama ni wewe utakayelala kwingine. Na ikiwa unawaza kujidhuru, usingoje miadi. Mwambie mtu usiku huu huu na uende kitengo cha dharura.

Kuhusu kujidhalilisha: niliona haya mpaka mlangoni tu. Ukifika, usiseme kichwa kinauma kama nilivyosema mimi. Anza na hasira, na utaje mara ya mwisho ulipofoka, na nani alikuwepo.