Bwati ya otomatiki (giaboksi) imekufa: kuifungua ao kuleta ingine?

SWALI: Jambo sana papa. Miye ni mama wa Kampemba, hapa Lubumbashi, nafanyaka biashara ya kuleta bintu toka Kasumbalesa. Niko na RAV4 ya 2002, 4x4, otomatiki. Ilianza polepole: natia D, motere inalia lakini motokari haiendi, inakawia, kisha inaruka kwa nguvu. Kwa kurudi nyuma ndiyo mbaya zaidi. Sasa hata kamulima kadogo haipandi. Mekanisie wa kwanza anasema ataleta bwati ya okazi (iliyokwisha kutumika), dola 800, na kazi 200. Wa pili anasema ataifungua abadilishe madiski, yote 600. Shemeji ye anasema nibadilishe wile tu (mafuta ya bwati). Ikitembea bananipa 4.500 kwa hii motokari. Nifanye nini, juu ile njo inalisha watoto?

JIBU: Mama, pole sana, na asante kwa kueleza vizuri. Motere inalia na motokari inabaki, maana yake madiski ya ndani yanateleza, na diski ikishaungua wile mupya haiirudishi. Shemeji anakutakia mema, lakini wile ilipaswa kubadilishwa zamani.

Ila mbele ya kutoa hata dola moja angalia hii: mekanisie wawili wote wamekupa bei, hakuna hata mumoja alikuambia juu ya nini bwati ilikufa. Mimi hapo ndipo ninaogopa. Kile kilichoua ya kwanza kikibaki ndani ya motokari kitaua na ya pili, iwe ya okazi iwe ya kufunguliwa, na pesa ya watoto itaenda mara mbili.

Kwa hiyo anza na wile. RAV4 ya mwaka huo iko na kijiti cha kupimia bwati. Motere ipate moto, iachwe inazunguka, mupitishe levier kwa vitesi vyote polepole halafu murudi kwa P, ndipo muchomoe kijiti na kusoma pale pameandikwa HOT. Wile nyeusi inayonuka kuungua, madiski yamekwisha. Lakini ikiwa na rangi kama nyekundu imetiwa maziwa, simamisha kila kitu, juu hapo maji ya radiatere yameingia. Wile ya bwati inapita ndani ya radiatere ili ipoe, na pakitoboka pale ndani maji yanachanganyika nayo na yanabandua madiski. Bantu benyi wanalipa bwati nzima na kuacha radiatere ile ile, inaniuma sana kila nikiona.

Kisha waweke skana. Kodi kama P0750 ao P0755 zinaonyesha elektrovani, vile vipande vidogo vya umeme vinavyofungua njia ya wile, na hivyo vinabadilishwa bila kushusha bwati. Na kwa RAV4 za 2001 mpaka 2003 kuko jambo lingine linalojulikana: zile zilizouzwa Marekani zilikuwa na shida kwa kompyuta ya motere, inatuma amri mbaya, vitesi vinaingia kwa kugonga, na bwati inaumia kidogo kidogo mpaka inakufa, hata Toyota yenyewe iliongeza garanti ya ile kompyuta. Yako labda ilitoka Japani, lakini kwa vile umesema inaruka kwa nguvu, mwambie fundi wa umeme aifungue na kuangalia sudere zake. Ni kazi ndogo kuliko kulipia bwati ya pili.

Wakishusha karter, lile bakuli la wile chini ya bwati, waangalie sumaku zilizo ndani yake. Tope laini la kijivu ni kawaida ya kila bwati iliyotembea. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, hapo pompi ao meno ya ndani yamevunjika na habari ya kufungua kwa dola 600 imeisha.

Sasa swali lako lenyewe. Mimi ningechukua okazi. Mekanisie wa dola 600 anakuambia atabadilisha madiski, hasemi konvertisa (ile tungi ya mviringo inayounganisha motere na bwati kwa nguvu ya wile), hasemi joanti (raba za kuzuia wile isivuje), hasemi pompi. Kufungua bwati kwa kweli ni kubadilisha madiski yote na joanti zote, kusafisha bloki ya idroliki kinjia kwa kinjia, na kutia konvertisa ingine, juu uchafu mwingi wa madiski yaliyoungua unakaa ndani ya ile konvertisa na hakuna maji wala esansi inaweza kuusafisha wote. Inatakiwa na meza safi, chumba kisicho na vumbi, na hapa kwetu kiangazi vumbi jekundu linaingia hata ndani ya kabati. Kama angekuonyesha motokari mbili tatu alizofungua zamani na zinatembea mpaka leo, na kiti kamili ya mapiesi mbele ya macho yako, ningesema tofauti. Kwa Land Cruiser ya bei kubwa, hapo ndiyo, kufungua vizuri kunastahili.

Lakini okazi nayo usinunue kwa foto ya simu. Ndani ya nafasi ya motere, ukifungua kapo, kuko kibao cha chuma, tafuta pale pameandikwa TRANS/AXLE, andika ile kodi kwa karatasi, na bwati unayoletewa iwe na kodi hiyo hiyo. Ya 2x4 haiingii kwa 4x4, na hata bwati ikifanana kwa nje, plagi za umeme zikipishana kompyuta haitaielewa. Ije na konvertisa yake. Uvute kijiti ao ufungue bulo ya chini uone wile: ikinuka kuungua, irudishe. Upige alama ya rangi juu yake, na garanti iandikwe, na iseme pia nani atalipa kazi ya kuishusha tena kama haitembei, juu wauzaji wengi wanabadilisha bwati na kukuachia wewe kazi.

Siku ya kuipandisha uwe pale kama unaweza. Konvertisa inapaswa kuingia yenyewe mpaka mwisho ndani ya pompi mbele ya kufunga bulo hata moja. Fundi mwenye haraka anaivutisha kwa bulo, pompi inavunjika siku ile ile, na atakuambia okazi ilikuwa mbovu. Wabadilishe joanti spi ya mbele wakati bwati iko chini, wasukume wile safi ndani ya tuyo za radiatere, na wile iwe Toyota T-IV, wasikuletee WS, wile ingine ya Toyota, kwa kusema ni sawa, hazibadilishani.

Bwati yako ya zamani usiiache garajini bure, elektrovani zake zinauzika. Na mpaka siku hiyo usikubali kuvutwa kwa kamba: 4x4 ya otomatiki inapakiwa magurudumu yote juu. Ikianza kutembea, mwezi wa kwanza punguza mizigo ya Kasumbalesa, na kwa mvua ukikwama kwenye tope usikanyage gazi wakati motokari haisogei, ndani ya dakika chache wile inachemka.

SWALI: Mukubwa, niko Likasi, X-Trail yangu ya CVT inalia na inapoteza nguvu. Nayo nifungue ao nibadilishe?

JIBU: Mudogo wangu, CVT haina vitesi vya kawaida, ni mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na puli zikikwaruzwa hakuna wa kuzichonga upya hapa. Anza na kiwango cha wile na skana. Kama wile iko chafu lakini motokari bado inavuta vizuri ikiwa baridi, badilisha wile ya CVT kamili, ile ya kiwanda cha Nissan NS-2 ao NS-3 kufuatana na kitabu cha motokari, usitie wile ya otomatiki ya kawaida hata kidogo. Kama kelele inabaki, tafuta okazi ya kodi ile ile, na bei ikipita nusu ya motokari, iuze vile ilivyo na useme ukweli kwa mununuzi.